Makapelani hatuhitaji taa ya bluu

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wa Kasese anayeiomba serikali iwaruhusu wachungaji, mapadre na masheikh wanaohudumia wagonjwa wafunge taa za dharura kwenye magari yao binafsi, ili wamuwahi mtu anayekata roho. Ameandika kwa uchungu. Baba yake alifariki padre akiwa bado kwenye foleni, na msiba wa mtu haubishaniwi. Lakini mimi ni kapelani wa kujitolea, huu ni mwaka wangu wa 17, na taa anayoiomba nimewahi kuwa nayo. Niliiweka juu ya gari langu, nikaitumia mara mbili, nikaiondoa. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nilizaliwa kambi ya polisi ya Nsambya, baba yangu akiwa koplo, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, wala si ya kujifunzia ukubwani. Uchungaji niliusomea Mukono, wakati chuo kile bado kikiitwa Bishop Tucker, kabla hakijawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda mwaka 1997. Sasa naishi Bombo, kilomita kama 35 kutoka Kampala, na nahudumia wagonjwa katika hospitali mbili za mjini ambazo sitazitaja. Silipwi. Gari ni Spacio yangu, mafuta ni yangu. Wenzangu walio jeshini, polisi na magereza wana vyeo, wana magari ya kikosi na amri za kikosi, kwa hiyo siwasemei. Nawasemea hawa tunaopigiwa simu usiku tukiwa tumelala, tukatafuta ufunguo gizani, tukaondoka na Biblia mkononi.

Taa nilipewa na muumini mwenye duka la vipuri Ndeeba. Ni kitu cha ukubwa wa bakuli la uji, chini kina sumaku, na waya wake unachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Akaniambia, "Mchungaji, usikwame tena kwenye foleni ya Bwaise." Nilishukuru, nikamwombea heri, nikaenda nayo nyumbani bila kuuliza sheria inasemaje. Hilo ni kosa langu na nalikiri mbele ya wasomaji. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani tunayo tangu mwaka 1998, na polisi wametangaza zaidi ya mara moja kwamba ving'ora na taa za namna ile si za mtu binafsi, tena wamekuwa wakisimamisha magari na kuzing'oa. Niliyasikia matangazo hayo redioni. Moyoni nikajiambia kwamba wanasemwa matajiri wanaokimbilia harusini, si mimi ninayekwenda kwa mgonjwa.

Mara ya kwanza taa ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa Ijumaa jioni, barabara ya Bombo imejaa, na kutoka Kawempe hadi Bwaise, mahali ninapoweza kukaa nusu saa nikiitazama namba ya gari moja tu mbele yangu, teksi zilipanda ukingoni na bodaboda zikagawanyika kushoto na kulia. Nilifika hospitali mapema, nikasali na familia, nikarudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba Mungu ametufungulia njia. Hakujibu kitu. Yeye alikuwa muuguzi kwa miaka 26, na nilipaswa kuuliza kwa nini amenyamaza.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua inanyesha, saa nne na nusu usiku. Nilikuwa nimepigiwa simu na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amezidiwa. Nilipokaribia Matugga nikaona watu wamejaa barabarani na simu zinamulika. Bodaboda ilikuwa imegongana na lori la mchanga. Dereva wa boda alikuwa amelala ukingoni, mguu umevunjika vibaya, na vijana walikuwa wamekwisha kumpakia nusu kwenye pikapu iliyokuwa inatoka Luweero na matoke. Mwenye pikapu alikuwa ameshashusha mikungu kadhaa ili mtu apate mahali pa kulala. Kisha wakaona taa yangu. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Ambyulensi etuuse!" Ambulensi imefika. Watu wakashangilia, Mhariri. Nilisikia makofi. Wakamtoa yule kijana kwenye pikapu, wakambeba mikononi hadi kwangu, na mwenye pikapu, akidhani kazi yake imekwisha, akapakia mikungu yake akaondoka.

Walifungua mlango wa nyuma wa Spacio. Ndani mlikuwa na gunia la unga wa mahindi la shule ya Jumapili, mwavuli, na mfuko wenye joho langu na kikombe cha Ushirika. Kijana aliyekuwa amemshika majeruhi mabegani aliniangalia akauliza, "Omusawo ali wa?" Daktari yuko wapi. Nikasema mimi ni mchungaji. Hakukasirika. Alirudia tu lile neno, mchungaji, kama mtu anayehesabu fedha akakuta zimepungua.

Tulishusha gunia, tukalaza viti, tukamwingiza akiwa amejikunja, kwa sababu Spacio si gari la kulazia mtu mzima. Sikuwa na glovu, sikuwa na bendeji, sikujua namna ya kuufunga mguu ule usiendelee kuvuja damu. Kijana yule yule alivua mkanda wake akaufunga yeye. Tangu waione taa mpaka gari liondoke zilipita kama dakika 15, na pikapu ya matoke ingekuwa imeshafika Kawempe. Majeruhi alifika akiwa hai. Nilikwenda kumwona siku ya tatu, mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba zile dakika ndizo zilizouondoa mguu, nami sitasema kitu ambacho hakuna aliyenithibitishia. Ninachojua ni kwamba watu wa Matugga walikuwa wamekwisha kupata msaada, na taa yangu ikawapokonya.

Na yule mgonjwa niliyekuwa ninamkimbilia? Alikuwa amefariki saa tatu na robo, saa nzima na zaidi kabla simu haijalia nyumbani kwangu. Mkewe hakujua. Alikuwa amekaa nje kwenye benchi, na aliyepaswa kumwambia alikuwa amemaliza zamu. Hata kama barabara yote ya Bombo ingefagiliwa iwe tupu, nisingemkuta.

Kuanzia usiku ule nina daftari. Kila ninapoitwa naandika nyakati tatu tofauti: saa mgonjwa alipobadilika kwa maelezo ya ndugu au wauguzi, saa simu yangu ilipolia, na saa niliyofika kitandani. Namshauri kila kapelani afanye hivyo kabla hajaomba taa. Daftari langu limenifundisha kwamba foleni ndiyo inayotukera zaidi kwa sababu tunaiona kwa macho, lakini muda mwingi unapotea mahali ambapo hatupo. Unapotea kati ya mgonjwa kuzidiwa na mtu kukumbuka kumwita mchungaji. Kuna ukurasa ambapo mama mzee alibadilika saa nane mchana na mimi nikapigiwa saa tatu usiku, kwa sababu ndugu waliogopa kwamba wakimwita mchungaji watakuwa wamemtabiria kifo. Kuna ukurasa mwingine ambapo nilifika getini kwa dakika 40 kutoka Bombo, nikakaa dakika 25 nikimweleza askari kwamba muda wa kutazama wagonjwa haunihusu. Askari hakuwa mbaya. Alikuwa na amri, na mimi sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha. Taa ilikuwa juu ya gari siku hiyo? Hapana, nilikuwa nimeshaiondoa. Lakini hata ingekuwepo, geti halifunguliwi kwa taa.

Sasa niseme juu ya wenye taa za haki. Jirani yangu mmoja anaendesha ambulensi. Ameniambia kwamba siku hizi, akiwasha king'ora, madereva wa mbele wanamtazama kwanza kwenye kioo. Wanataka kujua kama ndani kuna mgonjwa kweli au kuna mkubwa anayewahi chakula. Wanachelewa kupisha kwa sababu wamedanganywa mara nyingi. Amewahi kusimama nyuma ya lori la mafuta na mama mwenye uchungu wa kuzaa nyuma yake, king'ora kinalia, na dereva wa lori akatoa mkono nje kumwonyesha asubiri. Kila gari lisilo la dharura linalowasha taa ile linamfundisha dereva wa lori kutokuamini. Wachungaji na masheikh tuko wengi nchini humu, kila kilima kina wake. Tukiongezwa sisi barabarani na taa zetu, nani atapisha tena?

Kisha kuna mwendo. Dereva wa ambulensi amefundishwa kukimbia. Mimi nimefundishwa kuhubiri. Nina miaka 58, navaa miwani, na saa sita usiku nikiwa nimetoka usingizini sina haki ya kupita gari la mbele kwenye kona ya Kagoma kwa sababu tu nina taa. Ripoti ya polisi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 4,534 waliouawa na ajali za barabarani Uganda. Ya mwaka 2023 ikahesabu 4,806. Baadhi ya watu hao nimewazika mimi. Nimesimama makaburini Wobulenzi na mama anayeniuliza kwa nini dereva hakusubiri, na siku hiyo sikuwa na jibu la Biblia.

Msomaji wa Kasese anasema nchi nyingine wanaruhusu. Ni kweli kwa kiasi fulani, ila ni vizuri aseme yote. Mchungaji mmoja tuliyekuwa naye darasani Mukono anahudumu sasa katika jimbo la New York, Marekani, naye ni kapelani wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Nilimpigia nikamuuliza. Kule wanazimamoto wa kujitolea wanaruhusiwa taa moja ya bluu kwenye gari binafsi, na wa ambulensi za kujitolea taa ya kijani. Mtu haifungi kwa kujiamulia, lazima awe na idhini ya maandishi ya mkuu wa kikosi chake. Kisha, na hapa ndipo wengi hawafiki, taa hiyo hailifanyi gari lake kuwa la dharura. Anasimama kwenye taa nyekundu kama watu wote, anashika mwendo ule ule wa kisheria, na wanaompisha wanampisha kwa hisani tu. Uingereza nako daktari anaruhusiwa taa ya kijani anapokwenda kwenye dharura, chini ya kanuni za taa za magari za mwaka 1989, na taa hiyo pia haimpi ruhusa ya kupita palipo pekundu. Mwenzangu huyo aliniambia kwamba yeye mwenyewe, ingawa ni mwanakikosi, haitumii anapokwenda kwa familia yenye msiba. Anasema hataki kufika kwa watu hao akiwa ameshika usukani kwa hasira.

Kule rangi zina maana ambazo watu wamezijua tangu utotoni, na yupo mkuu anayeweza kumnyang'anya mtu idhini kesho. Hapa kwetu, ukiiona taa ya bluu usiku unawaza mambo mawili tu: mkubwa anapita, au tiba imefika. Mimi si mkubwa na sina tiba.

Kuna hoja moja inayonigusa, nayo ilitoka kwa mtawa anayezungukia wagonjwa wa ukimwi nje ya mji. Aliniambia, "Mchungaji, wewe ni mwanaume. Mimi nikisimamishwa kwenye kizuizi usiku peke yangu, naogopa. Gari likijulikana, sitaogopa." Ana haki kabisa. Lakini gari kujulikana hakuhitaji taa inayomweka. Kibandiko kikubwa kwenye kioo chenye neno KAPELANI, na kadi yenye picha iliyotiwa muhuri na hospitali na kituo cha polisi cha wilaya, vingemtosha. Afande wa kizuizini anasoma, anamulika tochi, anamwambia apite. Nawaomba pia wenzangu, kwa kuwa nimeshaanza kusema: tuache kuendesha huku tumewasha taa za hazadi. Nimeona wengi tunafanya hivyo kwenye misafara ya mazishi na tukiwa na haraka. Taa zote nne zikimweka, aliye nyuma yako hajui tena unapokata kona.

Wapo watakaoniuliza, na roho ya mtu je? Mtu afe bila sala kwa sababu mchungaji ameheshimu foleni? Nawajibu kwa yale tunayoamini wenyewe. Mtoto mchanga anayekufa hana haja ya kunisubiri mimi. Katika Kanisa langu, na kwa Wakatoliki vilevile, muuguzi aliye karibu anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nimewafundisha wauguzi wa wodi mbili, na kikombe kidogo cha bati kipo kwenye kabati lao. Kwa Waislamu, kumtamkisha shahada mtu anayekata roho si kazi ya sheikh peke yake, ndugu yake anaweza. Mpako wa wagonjwa kwa Wakatoliki, huo ni wa padre tu, na ndiyo sababu padre aitwe mgonjwa angali anaongea, si wakati shuka linavutwa usoni. Hakuna kanisa linalofundisha kwamba Mungu anasubiri gari langu lipite Bwaise ndipo ampokee mtu wake.

Wanaobaki wakitusubiri kweli ni walio hai: mke aliyekaa kwenye benchi, mtoto aliyeshika mfuko wenye nguo za baba yake. Hao wanahitaji nifike nikiwa nimetulia. Nikifika dakika 20 baadaye nitakaa nao hadi asubuhi, na hawatazihesabu zile dakika.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, pamoja na polisi wa trafiki, waiandike wazi kanuni hii, kwa maneno mepesi na kwa lugha tunazosema, Kiswahili kikiwemo: gari binafsi la mtumishi wa dini halifungwi taa ya dharura wala king'ora, hata akiwa na barua ya askofu au ya kadhi. Nalitaja hilo la barua kwa sababu nimeona likitumika. Afande kijana anaona muhuri wa kanisa, anaona haya kumwambia mtu wa Mungu hapana, anamwachia. Msimwachie. Na Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda, ambalo tangu mwaka 2001 limewakalisha viongozi wa dini zetu meza moja, liwaambie watu wake kabla polisi hawajawaambia.

Hospitali nazo nina neno nazo. Faili la mgonjwa lina mahali pa kuandika dini. Pale pale paandikwe namba ya simu ya mtu wa dini anayemtaka, tangu siku ya kulazwa, akiwa na nguvu ya kuchagua mwenyewe. Orodha ya zamu za makapelani ibandikwe ukutani karibu na meza ya wauguzi. Getini tuwe na kadi zetu. Haya yote hayazidi bei ya ile taa ya Ndeeba.

Sisi Bombo tumeshaanza. Nina jirani sheikh, Mnubi, tuliyeanza kwa kusalimiana sokoni na sasa tunagawana usiku. Yeye hulala mjini Jumatatu na Alhamisi kwa mwanawe, mimi nikiwa Bombo. Akiitwa na familia ya Kikristo hasali sala yangu, wala mimi sisali yake. Anakwenda anakaa nao, anawatafutia maji ya kunywa, anawaambia mchungaji yuko njiani. Nami nimekaa na watu wake vivyo hivyo.

Ile taa niliipeleka mwenyewe kituo cha polisi. Afande aliyekuwa mezani aliigeuza mkononi akauliza nimeikamata kwa nani. Nikasema kwangu. Aliandika hivyo hivyo kwenye kitabu, akanipa kalamu nikaweka sahihi.

Jumanne iliyopita simu ililia saa tisa alasiri. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, ameitoa namba yangu ukutani. Mzee mmoja wa Nakaseke alikuwa ameanza kubadilika, akasema nisikimbie, nafasi ipo. Gari langu lilikuwa kwa fundi, nikapanda teksi, nikakaa dirishani, tukasimama Kawempe, tukasimama Bwaise. Nilifika saa kumi na moja na nusu. Mzee alikuwa ameegemea mito miwili, akanitambua kwa kola, akamwambia binti yake anipishe kiti. Tulisoma Zaburi ya 23 kwa Kiganda, aya ya nne akaisema yeye mwenyewe bila kitabu. Alifariki alfajiri, watoto wake wote watano wakiwa chumbani.

Kapelani wa kujitolea,
Bombo, Wilaya ya Luweero